Barua pepe ikipotea, mfanyabiashara adai daftari la seva

Mfanyabiashara anayetuma magunia matatu ya maharage kwa basi kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam hupewa stakabadhi. Imeandikwa namba ya basi, idadi ya magunia, jina la mpokeaji na kiasi kilicholipwa. Magunia yakifika mawili badala ya matatu, hakuna karani wa ofisi ya mizigo anayethubutu kumwambia mteja kuwa pengine gunia la tatu halikuwahi kuwapo. Daftari linafunguliwa, kondakta anapigiwa simu, na mara nyingi gunia linakutwa limeshushwa Morogoro au Chalinze kwa makosa.

Mfanyabiashara huyo huyo akiambiwa na mnunuzi kwamba barua pepe ya kuagiza mzigo ilitumwa wiki iliyopita, na yeye hakuiona, hulichukulia jambo hilo kama mvua iliyokataa kunyesha. Atasema mtandao ulikuwa mbaya. Kampuni iliyomuuzia huduma ya barua pepe itamwambia aangalie kwenye folda ya barua taka, na akishaangalia asione kitu, shauri limekwisha. Hakuna daftari lililofunguliwa wala mtu aliyeulizwa.

Hilo ni kosa, na linawagharimu wafanyabiashara wadogo na vyama vya wakulima kuliko wanavyodhani. Ukweli ni kwamba barua pepe nayo ina daftari kama lile la ofisi ya mizigo, tena makini zaidi, kwa sababu linaandikwa na mashine usiku na mchana bila kuchoka wala kupokea kitu kidogo. Tatizo ni kwamba wenye mzigo hawajui kuwa daftari hilo lipo, na wanaolitunza hawana haraka ya kuwaambia.

Hasara isiyoonekana

Ubaya wa barua iliyopotea ni kwamba aliyepotelewa mara nyingi hajui kama amepotelewa. Chukulia mnunuzi wa mbaazi aliyeko Mumbai, anayeandika barua moja kwa wauzaji watano wa Tanzania kuuliza bei ya kontena moja. Anawapa siku mbili. Wanne wanajibu. Wa tano, ambaye pengine ndiye angetoa bei nzuri kuliko wote, yuko dukani kwake akiuza rejareja na kulalamika kuwa soko la nje limekuwa gumu. Hakuna kitabu cha hesabu chenye safu ya kuandika hasara ya namna hiyo.

Ipo pia hasara inayoonekana haraka. Wakala wa meli anatuma rasimu ya hati ya mzigo ili muuzaji aihakiki kabla ya kontena la parachichi kuondoka. Rasimu haikuonekana, hakuna aliyesahihisha jina la mpokeaji lililokosewa, na upande wa pili tunda linaanza kuiva ndani ya kontena huku gharama za bandari zikihesabiwa kwa siku. Benki nayo inaandika kuomba karatasi moja iliyopungua kwenye maombi ya mkopo wa msimu. Karatasi hiyo ipo kabatini, ila aliyeombwa hajui kama ameombwa, na msimu wa kupanda haumsubiri mtu.

Wapo wanaosema kuwa siku hizi mambo yote yako kwenye WhatsApp, hivyo barua pepe si hoja tena. Kwa biashara ya gengeni na sokoni wana haki. Lakini ankara, mikataba, hati za meli, cheti cha afya ya mimea na barua za benki bado hupita kwenye barua pepe, na idara ya fedha ya kampuni ya nje haiwezi kulipa maelfu ya dola kwa ujumbe wa simu. Kadiri muuzaji anavyopanda kutoka gulioni kwenda soko la nje, ndivyo barua pepe inavyozidi kumhusu.

Kila anayepokea anasaini

Utaratibu ambao seva hutumia kupokezana barua ulichapishwa mwaka 1982 na Jon Postel, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani. Umefanyiwa marekebisho, yakiwemo ya mwaka 2001 na 2008, lakini msingi wake ni ule ule.

Barua ikitoka kwenye kompyuta au simu ya mtumaji huenda kwanza kwenye seva ya kampuni inayomhudumia. Seva hiyo hutazama sehemu ya anuani iliyo baada ya alama ya @, huuliza kwenye orodha ya dunia ya majina ya mtandao ni seva ipi inayopokea barua za jina hilo, kisha huenda kubisha hodi. Mazungumzo ni mafupi: mimi ni fulani, nina barua kutoka kwa huyu, inakwenda kwa yule, niiingize? Kila hatua hujibiwa kwa namba ya tarakimu tatu, na namba zinazoamua hatima ya barua ni za aina tatu. Inayoanza na 2 ni kukubali. Inayoanza na 4 maana yake nenda urudi baadaye. Inayoanza na 5 ni kukataa moja kwa moja, iwe kwa sababu anuani haipo, sanduku limejaa au mtumaji haaminiki.

Namba ya kuzingatia kuliko zote ni 250. Seva ya mpokeaji ikishasema 250 baada ya kupokea barua nzima, imesaini. Kwa utaratibu wa Postel, kuanzia hapo dhamana ya barua ni yake: ama iifikishe kwa mwenyewe, ama imwandikie mtumaji kwamba imeshindikana. Hairuhusiwi kuipoteza kwa sababu za ovyo, hata kama dakika moja baadaye umeme utakatika na mtambo kuzimika.

Nayo seva ya mtumaji ikijibiwa kwa 4, au ikikuta hakuna anayefungua mlango, haitupi barua. Huiweka kwenye foleni na kujaribu tena na tena, kwa kawaida kwa siku nne au tano, ndipo hukata tamaa na kumrudishia mwenyewe pamoja na maelezo. Ndiyo maana Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zilipopata hitilafu na kuvuruga intaneti Tanzania na nchi jirani, barua zilizokuwa zikitoka nje hazikuwa na sababu ya kupotea kwa ajili hiyo. Zilikuwa na sababu ya kuchelewa. Anayemwambia mteja wake kwamba barua ya mwezi uliopita ilipotea kwa kuwa mtandao ulikata, ama hajui kazi yake ama hataki kufungua daftari.

Daftari lenyewe ni faili ambalo mafundi huliita logi. Kwenye seva nyingi za Linux ni maandishi ya kawaida tu, mstari mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiwa na tarehe na saa. Maneno yaliyomo ndani ya barua hayaandikwi humo. Kinachoandikwa ni nani alituma, kwa nani, kupitia seva gani, na jibu lilikuwa namba gani.

Postfix, programu ya kupokezana barua iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, hadi leo inatumika kwenye seva nyingi, na humpa fundi kazi rahisi. Kila barua inayoingia hupewa namba yake ya foleni, mchanganyiko wa tarakimu na herufi. Fundi hutafuta anuani ya mpokeaji kwa tarehe husika, anaipata namba, kisha anaitafuta namba hiyo peke yake. Safari yote ya barua hujipanga mbele yake, kutoka ilipoingia hadi ilipoondoka kwenye foleni. Kwa anayejua anachotafuta, kazi hiyo haimalizi robo saa. Ni vizuri mteja alijue hilo kabla ya kuambiwa kwamba uchunguzi utachukua wiki mbili.

Katika mistari hiyo fundi hutafuta neno moja kati ya matatu ya Kiingereza. 'Sent' ni kwamba barua imekabidhiwa na aliyepokea amesaini. 'Deferred' ni kwamba bado iko kwenye foleni, na pembeni yake sababu imeandikwa. 'Bounced' ni kwamba imekataliwa na mtumaji amerudishiwa taarifa, ambayo mara nyingi huifuta bila kuisoma kwa kuwa ni ndefu, ya Kiingereza, na inafanana na matangazo ya kitapeli.

Hapa kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawajawahi kuambiwa. Seva ya mpokeaji inaposema 250, mara nyingi hutaja na namba yake yenyewe ya foleni, na namba hiyo inabaki kwenye logi ya mtumaji. Hiyo ndiyo stakabadhi. Mnunuzi wa Mumbai akiweza kumwomba fundi wake mstari huo mmoja, na muuzaji wa Lindi akaupeleka kwa kampuni inayomtunzia seva, jibu la "hatujaona barua yoyote" linakosa mahali pa kusimama. Seva yao imesaini, kwa namba, saa na dakika. Kilichobaki ni kueleza waliipeleka wapi.

Mzigo ulioshushwa njiani

Barua ikishafuatiliwa, majibu mengi huwa ya kawaida kabisa. Anuani ilikosewa herufi moja. Sanduku lilijaa picha za bidhaa. Jina la mtandao la kampuni lilifikia mwisho wa muda wake na hakuna aliyelipia. Barua iliwekwa kwenye barua taka, ambako Gmail huifuta yenyewe baada ya siku 30. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza zaidi, na jina la mtandao ambalo halijawekewa rekodi za SPF wala DKIM za kuthibitisha mtumaji linaweza kukuta barua zake zinakataliwa mlangoni. Kuweka rekodi hizo ni kazi ya saa moja, na anayeuza huduma ya barua pepe bila kuziweka ni sawa na fundi anayejenga nyumba bila kuweka komeo.

Lakini visa viwili vinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hakuna onyo lolote linalotokea na wenye biashara hulaumiana kwa miezi.

Cha kwanza ni cha seva ya zamani. Kampuni ndogo ya kuuza pembejeo inahama kutoka kwa mwenye seva mmoja kwenda kwa mwingine kwa sababu ya bei. Tovuti inahamishwa, masanduku ya barua yanahamishwa, orodha ya dunia inarekebishwa ielekeze kwenye seva mpya. Ila hakuna aliyekumbuka kuifunga akaunti kwenye seva ya zamani, nayo inaendelea kuamini kwamba jina la kampuni hiyo ni la nyumbani kwake. Sasa wateja wengine waliobaki kwenye seva ile ya zamani wakiiandikia kampuni iliyohama, seva haina haja ya kuuliza orodha ya dunia. Inaitumbukiza barua kwenye sanduku la zamani lililomo humo humo ndani na kuandika 'sent'. Mtumaji haoni kosa. Mpokeaji anapata barua kutoka Ujerumani na China bila shida, lakini hapati ya jirani yake wa Kariakoo mwenye seva ile ile. Kwa kuwa za mbali zinafika, kila mtu anaamini kwamba jirani ni mwongo.

Fundi akiutazama mstari wa logi anaona mara moja kwamba barua haikutoka nje, imehifadhiwa ndani. Kuondoa tatizo ni kazi ya dakika chache. Kulijua bila kufungua logi ni kupiga ramli.

Cha pili ni cha kompyuta inayovuta barua. Kwa utaratibu wa zamani uitwao POP3, ambao bado unatumika kwenye ofisi nyingi, kompyuta huziteremsha barua kutoka kwenye seva na, isipoelekezwa vinginevyo, huzifuta kule. Kompyuta moja ikiwa mezani kwa karani aliyeacha kazi, na bado inawashwa kila asubuhi kwa ajili ya kuandika hesabu, itaendelea kuvuta barua zote mpya na kuzirundika mahali ambapo hakuna anayefungua. Mwenye kampuni anafungua simu yake anakuta sanduku tupu. Anaamini wateja wamekimbia. Logi ya seva ingemwonyesha nani aliingia, saa ngapi, na barua ngapi zilifutwa, na angezikuta zote zikiwa salama mita tatu kutoka anapokaa.

Fundi mzuri hadharau maelezo ya mteja hata yakisikika kama ya kichaa. Trey Harris, aliyekuwa akitunza seva katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, katika miaka ya 1990, alipigiwa simu na mkuu wa idara ya takwimu akiambiwa kuwa barua zao haziendi zaidi ya maili 500, yaani kama kilomita 800, umbali unaokaribia ule wa Dar es Salaam hadi Mbeya kwa barabara. Kwa alivyosimulia mwaka 2002, hakuamini, lakini alijaribu akakuta ni kweli. Seva ilikuwa imerudishiwa toleo la zamani la programu ya Sendmail lisiloelewa mipangilio iliyokuwapo, hivyo muda wa kusubiri jibu ukasomeka sifuri. Kwa mtambo ule, sifuri ilikuwa kama sehemu tatu za elfu za sekunde, na katika muda huo mwanga husafiri maili 500 na ushei. Seva za karibu zilijibu kwa wakati. Za mbali zilionekana kama hazipo. Idara ile ya takwimu ilikuwa imekusanya ushahidi kwa siku kadhaa kabla ya kupiga simu, na ushahidi huo ndio uliomfikisha fundi kwenye jibu.

Barua iliyofichwa

Kuna barua ambazo hazikupotea kamwe. Zimefichwa na mwizi.

Mbinu yenyewe inajulikana. Mwizi anapata neno la siri la sanduku la muuzaji, kwa kumtumia ukurasa wa kughushi au kwa kulibahatisha. Haibi kitu siku hiyo. Anasoma taratibu, anajua nani anadaiwa na nani, kisha anaweka amri ndani ya sanduku kwamba barua zote za mnunuzi fulani, au zenye neno la ankara, zihamishiwe kwenye folda isiyofunguliwa kirahisi au zipelekwe nje. Kisha anamwandikia mnunuzi kwa jina la muuzaji kumwambia akaunti ya benki imebadilika. Mnunuzi akiuliza, swali linaingia kwenye folda ya siri na anayejibu ni mwizi. Muuzaji anachokiona ni kimoja tu: mteja amenyamaza.

FBI ya Marekani iliripoti kwamba malalamiko ya wizi wa aina hii iliyoyapokea mwaka 2023 pekee yalikuwa ya hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9. Waliolalamika huko ni wenye sauti na wanasheria. Muuzaji wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni aliyebadilishiwa akaunti hayumo kwenye hesabu hiyo.

Kwa hiyo mteja wa siku zote akinyamaza ghafla, au akisema alishajibu na jibu halionekani, lisichukuliwe kama suala la mtandao. Lichukuliwe kama kufuli la duka lililokutwa limelegea asubuhi. Logi ya kuingia kwenye sanduku inaonyesha anuani ya mtandao ya kila aliyeingia, na anayefanya biashara Songea hana sababu ya kukuta mtu ameingia kwenye sanduku lake kutoka nchi ambayo hajawahi kufika. Amri zilizowekwa ndani ya sanduku nazo zikaguliwe, moja moja, kabla hata ya kubadilisha neno la siri, kwa sababu kubadilisha neno la siri pekee hakuondoi amri iliyokwishawekwa.

Siku zinahesabika

Logi haikai milele. Seva nyingi za Linux zimepangwa kuzungusha mafaili hayo kila wiki na kutunza ya wiki nne tu, isipokuwa mwenye seva aamue vinginevyo. Anayekuja kulalamika baada ya miezi miwili huenda akaambiwa ukweli mtupu kwamba kumbukumbu hazipo. Google, kwa makampuni yanayolipia huduma yake, humwezesha msimamizi kutafuta safari ya barua za siku 30 zilizopita, na Microsoft humfikisha siku 90. Anayetumia Gmail ya bure hana dirisha hilo kabisa. Sanduku la bure linafaa kwa mkulima anayepokea barua tatu kwa mwezi, na kwa usalama linashinda seva nyingi za bei nafuu, lakini siku ya ugomvi hakuna wa kumuuliza.

Malalamiko nayo yanahitaji kuandikwa vizuri. Kumwambia fundi kwamba "kuna barua sijaipata" ni kumtuma kutafuta sindano shambani. Anahitaji anuani kamili ya mtumaji na ya mpokeaji, tarehe, na saa. Suala la saa si dogo. Mteja anasema saa nne asubuhi, fundi anatafuta kwenye mistari ya 04:00 wakati barua iko kwenye 10:00. Mumbai iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa mbili na nusu. Na seva yenyewe ikiwa Ulaya au Marekani, huenda inaandika kwa saa za huko. Barua nyingi zimetangazwa kuwa hazikufika kwa sababu tu zilitafutwa kwenye saa ambayo hazikupita.

Makampuni yanayotunza seva yana utetezi wao, na sehemu yake ni ya haki. Logi moja ina mistari ya wateja wengi, na kumkabidhi mteja mmoja faili zima ni kuvunja siri za wengine. Hata hivyo hakuna anayeomba faili zima. Kinachoombwa ni mistari ya barua moja, yenye anuani ya mteja mwenyewe, na kuichomoa ni amri moja ya kompyuta. Utetezi kwamba kutunza logi ni gharama hauna uzito. Ni maandishi matupu, na ya miezi mitatu kwa biashara ndogo hayajazi hata sehemu ndogo ya nafasi inayochukuliwa na picha za tovuti yake. Baadhi ya seva zinazoendeshwa kwa cPanel tayari zina ukurasa unaomwezesha mteja mwenyewe kuona barua zake zilivyokwenda, na wapo wateja wanaolipia huduma hiyo kila mwaka bila kuwahi kuonyeshwa ukurasa huo.

Anayenunua huduma ya barua pepe aulize basi, kabla ya kulipa, logi inatunzwa siku ngapi, na akilalamika atapewa mistari yenyewe au ataambiwa tu kwamba wameangalia. Jibu liandikwe kwenye mkataba. Muuzaji wa mbolea anaulizwa tarehe ya mwisho wa matumizi na hakasiriki. Muuzaji wa seva naye azoee kuulizwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inatambua mikataba inayofungwa kwa ujumbe wa kielektroniki na inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki zitumike kama ushahidi. Ikiwa bei ilikubaliwa kwa barua pepe na upande mmoja unadai haukuipata, mstari wa logi wenye 250 unaweza kuwa na thamani kuliko barua yenyewe.

Wanaohitaji kuanza mapema ni vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS. Si ajabu kukuta anuani ya chama chenye wanachama mamia ni sanduku la bure lenye jina la katibu, lililofunguliwa kwenye simu yake. Wanunuzi, benki na wauza pembejeo wote wanaandika huko. Katibu akistaafu, akihama au akikosana na bodi, anaondoka na barua zote, na uongozi mpya hauna hata wa kumwomba logi, kwa sababu mbele ya mwenye seva mwenye sanduku ni yule mtu na si chama. Jina la mtandao lenye mwisho wa .co.tz au .or.tz pamoja na masanduku machache ni gharama ndogo kwa chama kinachokusanya korosho au kahawa ya msimu mmoja. Anuani zifunguliwe kwa vyeo: ya katibu, ya mhasibu, ya ghala. Mkataba wa huduma uandikwe kwa jina la chama, na siku ya kukabidhiana ofisi neno la siri likabidhiwe na kubadilishwa mbele ya bodi, pamoja na mhuri, kitabu cha hundi na funguo za ghala.